Upanga Uliovuka Bariyeri

Juzi kijana mmoja wa msikitini Gasorwe alinipitia nyumbani na kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia la mchele. Kabla hajafungua kamba nilishajua ni nini, kwa pua tu. Mawese yaliyozeeka, moshi wa udi, na chini yake kabisa harufu ya mti wa umusave, tamu kidogo na chungu kidogo. Harufu ya marehemu baba yangu. Machozi yakanitoka, nikasema ni moshi wa jikoni, na jikoni hata moto ulikuwa haujawashwa.

Ni upanga. Msishtuke. Nyinyi wa rika langu mnajua neno hilo lilivyokuwa zito kwetu wakati wa vita. Hata leo nikisikia mtu sokoni anauliza bei ya panga la kufyekea, moyo unaruka kwanza, halafu ndiyo unatulia. Lakini huu ni upanga mwingine kabisa, na habari yake ni ya kucheka. Nimeicheka peke yangu miaka mingi, leo tuicheke wote.

Mi sikusoma sana. Shule nilianza Gitega, vita ikaanza na yenyewe, tukaachana. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani ndiko nilikofika mbali kidogo, na nitawaambia baadaye jinsi elimu ile ilivyotaka kunitia wazimu juu ya kamyo, yaani lori. Tulikaa Magarama, kwenye nyumba za Waswahili, mbele duka, nyuma uani. Baba alikuwa fundi seremala. Mama ni mzaliwa wa Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kina kiburi kidogo, na watoto wa pale walikuwa wananiita Mutanzania, nami nikawa naitika.

Uani kwetu kulikuwa na maranda mpaka magotini. Baba akipiga randa, yale maganda ya mbao yanajikunja kama nywele za mzungu, sisi tunaruka humo tunacheza. Tulikuwa watatu. Mimi, Altafu, mtoto wa Muhindi wa duka la kona, aliyezaliwa Gitega na baba yake kazaliwa Gitega, na Nestori, mtoto wa jirani aliyekuwa anauza mkaa, wao Wakristo. Na mchezo wetu mkubwa, wakati ule ambao wakubwa hawakutaka kusikia hata jina, ulikuwa ni kubishana upanga wa nani ndio mzuri duniani. Watoto ni watu wa ajabu. Mama akisikia neno "upanga" anajipiga kofi pajani, anasema, "Astaghfirullahi, katika nyumba hii!" Kwa hiyo tukaacha kusema upanga. Tukasema "ile ya mataifa."

Altafu alikuwa na haki ya kuringa. Kwao sebuleni, juu ya redio, ulining'inia upanga wa kweli wa babu wa babu yake, ule wa Kihindi uliopinda kama mwezi wa siku za mwanzo, na mwisho wa mpini kuna kisahani cha chuma kama cha kuwekea kikombe cha chai. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Altafu alikuwa anaapa kwamba ukirusha leso juu, ikishuka yenyewe juu ya makali yake, inakuwa leso mbili.

"Na mulishajaribu?" Nestori anamwuliza.

"Mama atakubali leso yake ikatwe?"

"Basi hamujui. Kama hamujui, nyamaza."

Nestori yeye alikuwa wa inkota, ule upanga mfupi wa Kirundi, makali huku na huku, ala yake ya mti iliyochongwa. Babu yake alikuwa nao kule kijijini, anauvaa kwenye harusi kubwa. Nestori alisema upanga mfupi ndio upanga wa mwanaume, kwa sababu lazima umsogelee mtu mpaka umjue sura; mrefu ni wa waoga. Mpaka siku moja tukaona video kwa kina Altafu, Wajapani wanaruka juu ya mapaa, panga zao nyembamba, wanazichomoa na kuzirudisha bila kuangalia. Nestori akatusaliti. Wiki nzima akawa Mjapani, anatembea na fito ndefu mgongoni. Halafu akarudi kwenye inkota kimyakimya. Tulipombana akakubali kwamba fito ilikuwa inakwama mlangoni kwao kila akiingia, mama yake amemchapa nayo. "Upanga ya kukwama mu mulango, utapigana na nani?" akasema.

Na mimi? Mimi upanga wangu ulikuwa wa khatibu.

Wale ambao si Waislamu niwaeleze. Msikiti wetu wa Magarama ulikuwa na desturi ya wazee wa zamani: siku ya Ijumaa khatibu akipanda mimbari kusema khutba, anapewa upanga, anaushika mkono mmoja mpaka amalize. Sisi wanawake na watoto wa kike tulikuwa nyuma, pazia katikati. Lile pazia lilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa langu. Lakini hata na tundu, mbele kulikuwa na migongo ya wanaume na kofia zao, kwa hiyo ninachokiona ni mkono wa khatibu juu ya mpini uliozungushiwa kitambaa cha kijani. Basi. Makali sijawahi kuyaona. Mama alikuwa amenisimulia habari za wazee wa Ujiji na panga za Maskati zilizonyooka kama mstari, nikajua tu kwamba chini ya ule mkono kuna mmoja wa hizo, chuma kitupu, unang'aa.

Na nilijua kazi yake. Hakuna aliyeniambia, niliifikiria mwenyewe, kama mtoto anavyofikiri. Mji ulikuwa na milio. Watu wanahama vilima, wengine wanakuja kulala uani kwetu juu ya maranda. Lakini Magarama kwetu, mtaa ule mmoja, tulikuwa bado tunapika, tunacheka, tunaolewa. Kwa nini? Mimi nikajijibu: kwa sababu ya upanga. Adui anajua siku akiingia, khatibu atauchomoa. Nililala usingizi mzuri sana miaka ile, na sababu ni hiyo.

"We Zuhura unapenda mupini," Nestori alikuwa ananicheka. "Hata jembe iko na mupini! Wa Altafu tumeuona, wa kwetu tumeuona, wako iko wapi makali?"

"Makali yake hayaonyeshwi ovyo."

"Shabiki wa mpini!" Altafu anaongezea. Jina likanikaa.

Sasa. Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa Gasorwe, huko Muyinga. Akatuma maneno kwa dereva wa kamyo ya chumvi, mtu wa Mwakiro aliyekuwa anapita kwetu: upanga wa mimbari wa kwao umeliwa na mchwa, khatibu sasa anashika mpini wa jembe, watoto wanacheka ndani ya msikiti, na Idi iko karibu. Mwanangu fundi atengeneze mwingine, aulete mwenyewe, na mke na mtoto, tule Idi pamoja, Mungu anajua kama kutakuwa na nyingine.

Baba akachagua ubao wa umusave uliokuwa umekauka juu ya dari. Nikakaa namwangalia. Akaupasua, akaupiga randa, akautia patasi kwenye mpini, na unazidi kunyooka, unazidi kuwa upanga, na mimi moyo unazidi kushuka. Nikamwuliza, "Baba, huu ni wa kuchezea?"

"Wa msikitini kwa bibi yako."

"Wa kweli?"

"Wa kweli kabisa, mama." Baba alikuwa ananiita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Nikaondoka pale nimeinamisha kichwa. Mnaelewa nilichokielewa? Magarama tuna chuma. Gasorwe, kwa bibi yangu, ambako vita iko vilevile, wanapelekewa ubao! Na mwenye kuwadanganya ni baba yangu mwenyewe. Nikamwendea Altafu, nikamwomba ule wa sebuleni uende Gasorwe, wa mti ubaki juu ya redio, nani atajua? Altafu akanitazama kama mtu anayetazama maiti. "Baba ataniua," akasema, "na ataniua na huohuo."

Siku ya kusafiri ilipokaribia, mama akapita uani akakusanya panga zetu zote za mataifa, zile za fito na mabaki ya mbao tulizokuwa tunachezea. Alikuwa anaogopa bariyeri. Njia ile ilikuwa na vizuizi, wasoda, yaani wanajeshi, wanafungua kila mzigo, hata kisu cha vitunguu kinaulizwa kimekata nini. Akatia chini ya chungu Uhindi, Ujapani na inkota mbili za Nestori. Maharage ya siku ile yaliiva vizuri sana. Nestori alikula sahani mbili, akasema wa Kijapani ndio umewaka haraka, unaona, hauna nguvu. Hata kwenye moto walikuwa bado wanashindana.

Ule wa baba ulipakwa mawese, ukazungushiwa kitambaa cha kijani, ukafichwa ndani ya mkeka uliokunjwa. Mama hakutaka. "Baba Zuhura, wakiuona?"

"Ni mti."

"Watu wameuawa kwa ajili ya mti."

"Watu wa Gasorwe wanaungoja," baba akasema. Basi mama akaanza kusoma kimoyomoyo, na nadhani hakuacha mpaka tulipofika.

Tukapanda juu ya magunia ya chumvi asubuhi, kamyo nyingi pamoja, gari la jeshi mbele na lingine nyuma. Mimi nilikaa juu ya mkeka. Na hapo ndipo elimu ya chuoni ikaniingia kichwani. Mwalimu alikuwa ametufundisha habari za Nabii Musa, fimbo yake kavu ikageuka nyoka mbele ya Firauni. Nikasema, kama fimbo inakuwa nyoka, ubao kuwa chuma ni kazi gani? Nikaanza dua. Ya Rabi, ugeuze. Ya Rabi, kabla ya Gasorwe ugeuze uwe chuma, wenye makali, kama wetu. Kila kona naomba. Kamyo ikiruka shimo, nauhisi ule mkeka chini yangu, naona kama umekuwa mgumu zaidi. Ukanichoma hata pajani. Nikasema alhamdulillahi, umeanza kugeuka.

Mbele ya Karusi tukasimamishwa.

"Wote chini! Na mizigo!"

Wasoda walikuwa vijana, wamechoka, macho mekundu kwa vumbi. Mmoja, mrefu, akapita anapiga mizigo kwa mguu. Akafika kwetu. "We mama, fungua hii mukeka."

Mama hakusogea. Baba akainama akaufungua. Mkeka ukajikunjua wenyewe barabarani, ukasimama pale ulipofikia kitu cha kijani, kirefu, kina mpini.

Yule msoda akarudi nyuma. Bunduki ikatoka begani ikaja mkononi. Watu wa magunia waliokuwa karibu nasi hawakuwa karibu tena.

"Hii iko nini?"

"Ya msikitini, Afande," baba akasema. Mikono yake ameinua, na sauti yake ilikuwa ileile anayoitumia kwa wateja. "Khatibu anaishika akisalisha watu. Ni mti."

"Mu musikiti munapigana?"

"Hapana, Afande. Ni mti."

"Fungua. Polepole."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Mtu mmoja tu pale barabarani alijua kwamba ule si mti tena. Tangu Gitega nimeuombea, na kona zote zile Mungu alikuwa anasikia! Baba anafungua kitambaa mzunguko mmoja baada ya mwingine, na kila mzunguko naona chuma kinakuja. Nikaanza kuomba upya, haraka, midomo inagongana: Ya Rabi, rudisha. Nimekosea, rudisha mti. Rudisha mti, rudisha mti, ya Rabi, mti!

Kitambaa kikaanguka.

Mti. Mwekundu kwa mawese, na alama ndogo ya patasi karibu na mpini. Msoda akanyoosha mkono akagonga kwa kidole: ko, ko, ko. Kama anabisha hodi.

"Alhamdulillahi!" nikapiga kelele mpaka watu wakaruka. "Umerudi!"

"Huyu mutoto anasema nini?"

Mama akataka kuniziba mdomo, amechelewa. Nikamweleza yote. Musa, fimbo, kona, chuma, na jinsi Mungu alivyowahi. Nikalia na kueleza, naeleza na kulia. Yule msoda alinisikiliza mdomo wazi, halafu akaanza kucheka, akachuchumaa barabarani bunduki magotini, anacheka kama mtu aliyekuwa amesahau jinsi ya kucheka. Wenzake wakaja kuuliza kuna nini.

"Anasema iligeuka chuma, ikarudi mti!" yule mrefu akawajibu.

"Mi nilikuwa naogopa kufa kwa hii?" akaendelea. Akaushika, akaupunga hewani. "Haya, we mutoto. We unajua mambo ya panga? Mi nakuambia, inayozidi zote iko ya Wajapani. Niliona ku video Bujumbura. Inakata mutu, hata yeye hajui, anatembea kwanza."

Mimi, na machozi bado mashavuni, ningeweza kunyamaza? "Hiyo inakwama mlangoni," nikasema.

"Inakwama wapi?"

"Kwa Nestori."

"Nestori ni nani?"

Nikamweleza Nestori. Nikamweleza na kisahani cha Altafu na leso mbili. Wakabishana wao kwa wao, mmoja akasema wa Kihindi, kuna mwingine akasema hakuna kama upanga wa Wamasai, ameuona Tanzania kiunoni mwa mlinzi. Na mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, akaja kuuliza kwa nini msafara hauendi. Wakamtupia swali. Akafikiri kabisa, kama kesi.

"Inkota," akasema. "Marehemu data alikuwa na yake." Data kwa Kirundi ni baba. Akauchukua ule wa kwetu mkononi mwa yule mrefu, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ubavu wake. "Na hii umefanya vizuri, fundi." Halafu akasimika ncha chini, akaweka mikono miwili juu ya mpini, akauegemea. Sidhani alijua anafanya hivyo. Viatu vyake vilikuwa vimeisha upande mmoja. Akatuuliza tunatoka wapi, huko kunalimika, mvua imenyesha? Baba akajibu. Wamesimama pale wanaongea habari za mvua, mtu na mtu, mpaka dereva akapiga honi, na yule mzee akashtuka kama aliyeamshwa. Akamrudishia baba upanga kwa mikono miwili, kama tunavyopeana kitu cha heshima.

"Mwambie khatibu asiue mutu," akasema, na wasoda wakacheka tena, na tukapanda.

Juu ya chumvi mama alicheka na kunipiga, kunipiga na kunikumbatia. Baba yeye mabega tu yanatetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Siku ya Idi bibi alinivalisha gauni jipya, akanipeleka kwenye upande wa wanawake. Pale Gasorwe pazia lao lilikuwa fupi, mtu mdogo anaona chini yake kila kitu. Nikalala kifudifudi. Na kwa mara ya kwanza nikaona upanga wa khatibu mzima, kutoka mpini mpaka ncha. Muadhini akampa. Khatibu mwenyewe alikuwa mzee, magoti yanamcheza kwenye ngazi. Nikangoja auchomoe. Hakuchomoa. Akasimika ncha kwenye ubao wa mimbari, akauegemea kwa uzito wake wote, kama yule msoda mzee wa bariyeri, na khutba ikaanza, na khutba haikuisha.

Tukiwa tunakula pilau nikamwuliza baba, "Mbona hakuuinua?"

"Kwa nini auinue?"

"Sasa kazi yake ni nini?"

"Khatibu ni mzee, mama, na khutba ni ndefu."

"Na wa Magarama?"

"Vilevile. Ule nao niliutengeneza mimi, kabla hujazaliwa."

Kijiko kikanibaki mkononi. "Wa mti?"

"Umusave. Mti mmoja na huu."

Nilikaa na jambo hilo nje ya nyumba ya bibi, wageni wanaimba kaswida, sahani zinapita. Miaka yote ile tulilala usingizi chini ya ubao. Nilitaka kuogopa, nikajaribu kabisa kuiogopa ile miaka iliyokwisha pita, nikashindwa. Pilau lilikuwa tamu mno. Nikala. Vita haikuisha kesho yake, mnajua. Tulibaki Gasorwe kwa bibi mpaka nikaolewa hukohuko, na baba akawa fundi wa kilima kile.

Sasa msikiti umejengwa upya, mimbari ni ya vigae, khatibu ni kijana ana kipaza sauti na haegemei kitu. Wakasema kitu hiki kina mwenyewe, wakaniletea. Ncha imelika kwa miaka ya kusimikwa, mchwa wamepita ubavuni, ile alama ya patasi ukiitafuta utaipata. Wajukuu wangu wakaja na simu zao kunionyesha panga za mataifa yote zinavyokata matikiti, wanaulizana upi mkali, wakaniuliza na mimi.

Nikampigia Nestori Gitega, naye ana wajukuu. Altafu yuko nchi za baridi, huyo nitampata jioni. Nikamwambia, "Upanga umekuja."

"Yampayinka!" akasema, kama Warundi wanavyoshangaa. "Na makali yake umeyaona sasa?"

"Hayapo. Yamekwisha."

"Kumebaki nini?"

Magoti yangu haya yamenianza mapema, kuinuka kwenye mkeka ni kazi. Nikasimika ncha chini, nikashika pale ilipokuwa mikono ya baba, na ya yule msoda mzee, na ya khatibu, nikaegemea, nikasimama.

"Mpini," nikamwambia.

Akacheka mpaka simu ikakatika.